Miaka Mingapi Mpaka Usimame Peke Yako?

Hotuba kwa vijana wanaokusudia kusomea udaktari, pamoja na wazazi wao

Walimu, wazazi na walezi mliokuja, na ninyi vijana ambao hasa ndio mlionileta mbele ya kipaza sauti hiki, nawashukuru kwa kunialika.

Nilipokuwa naingia, binti mmoja alinisimamisha mlangoni. Akanipa shikamoo, nikaitikia, na bila kuzunguka akaniuliza: "Daktari, nikianza kusomea udaktari mwakani, nitamaliza nikiwa na umri gani?" Nikamwambia, mwanangu, kaa pale mbele, kwa sababu swali lako ndilo lililonileta.

Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo, na wazazi huliuliza kwa wasiwasi kuliko watoto. Nauelewa wasiwasi wao. Kijana wa miaka 18 akiambiwa atasoma miaka kumi, ni kama ameambiwa ataishi darasani maisha yake yote. Ila nimefundisha wanafunzi wa udaktari kwa muda mrefu, na nimeona jinsi tunavyowajibu vijana. Tunatoa tarakimu moja, haraka: mitano, sita, saba. Tarakimu hiyo huwa ya kweli, lakini humpoteza aliyeuliza, kwa kuwa inahesabu mpaka siku ya kuvaa joho. Mgonjwa hana habari na joho. Anachotaka kujua ni kama huyu aliyesimama kando ya kitanda chake anaweza kuachwa naye usiku.

Basi leo tuhesabu kwa kipimo cha mgonjwa. Inachukua miaka mingapi, katika nchi hii na ile, mpaka daktari asimame peke yake?

Nianze na Marekani, maana ndiyo inayowatisha wengi. Huko kijana akitoka sekondari haingii moja kwa moja kwenye chuo cha udaktari. Anasoma kwanza shahada ya miaka 4, hata ikiwa ya historia, mradi amepita masomo ya sayansi yanayotakiwa. Kisha anasoma udaktari miaka 4. Kama hakupumzika hata mwaka mmoja, sasa ana miaka 26, anaitwa daktari, na bado hawezi kufungua kliniki yake. Anaingia kwenye mafunzo ya hospitalini: miaka 3 kwa daktari wa familia, wa watoto au wa magonjwa ya ndani, 4 kwa magonjwa ya wanawake na uzazi, 5 kwa upasuaji wa jumla, 7 kwa upasuaji wa ubongo. Anayetaka kuwa bingwa wa moyo anamaliza kwanza ile mitatu ya magonjwa ya ndani, halafu anaongeza mingine 3. Daktari wa upasuaji wa ubongo, ukijumlisha yote tangu sekondari, ametumia miaka 15.

Ile miaka minne ya mwanzo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye aibu. Katika karne ya 19 vyuo vingi vya udaktari vya Marekani vilikuwa biashara ya wahadhiri wenyewe. Mwanafunzi alihudhuria mihula miwili ya miezi michache, na muhula wa pili ulirudia yaleyale ya wa kwanza. Aliyelipa ada kwa kawaida alipata cheti. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1893, kiliamua kwamba hataingia mtu asiye na shahada ya kwanza. Kisha mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner. Yeye hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa shule, na taasisi ya Carnegie ilimtuma kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada. Alikuta vyuo visivyo na maabara, na vyuo ambavyo mwanafunzi humaliza bila kumgusa mgonjwa. Vyuo vingi vilifungwa au kuunganishwa, na njia ya Johns Hopkins ikawa njia ya nchi nzima.

Ripoti ile iliokoa maisha ya watu wengi, sina shaka na hilo. Lakini wakati ule kulikuwa na vyuo saba vya udaktari vilivyowafundisha Wamarekani weusi, na baada ya mageuzi yale vikabaki viwili tu, Howard na Meharry. Nawaomba mlikumbuke hilo kila mtakaposikia pendekezo la kuongeza miaka na masharti. Kila mwaka unaoongezwa kuna mtu anafungiwa mlango, na mara nyingi ni mtoto wa yule asiye na kitu.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Kwao sekondari inatosha kumwandaa kijana, kwa hiyo anaingia udaktari akiwa na miaka 18 au 19. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafunzo ya msingi yasipungue miaka 5 na saa 5,500 za nadharia na vitendo. Nchi nyingi hufundisha miaka 6. Ujerumani wameweka miaka 6 na miezi 3, na mwaka wa mwisho wote unaliwa hospitalini. Baada ya hapo daktari wa familia anaongeza 5. Hispania ni 6, kisha mtihani mmoja wa taifa unaogawa nafasi za ubingwa kwa nchi nzima, kisha 4 kwa daktari wa familia. Ufaransa ni 6, halafu daktari wa familia alikuwa anaongeza 3, na mwaka 2023 wakaamua iwe 4. Uingereza ni 5 au 6 chuoni, miaka 2 ya msingi ambayo daktari kijana anazungushwa wodi mbalimbali, kisha 3 ya kuwa daktari wa familia.

Sasa jumlisheni. Uingereza, 5 na 2 na 3: kumi. Hispania: kumi. Ufaransa: kumi. Kanada, ambako ni shahada ya miaka 4, udaktari 4, na mafunzo ya daktari wa familia 2: kumi. Marekani, kumi na moja. Ujerumani, kumi na moja na kitu. Japani wana miaka 6 ya chuo, 2 ya mafunzo ya hospitalini ambayo yamekuwa ya lazima tangu 2004, na 3 au zaidi ya ubingwa: kumi na moja.

Mara ya kwanza nilipoziandika tarakimu hizi kwenye karatasi moja, nilizirudia nikidhani nimekosea. Nchi hizi hazikukaa kikao kimoja. Wengine wanatanguliza shahada nyingine, wengine wanarefusha chuo, wengine wanarefusha hospitali. Lakini zikiulizwa, "Ni lini tunaweza kumwacha daktari wa kawaida kabisa, wa kutibu kikohozi na kisukari na ujauzito, afanye kazi bila mtu nyuma yake?" zote zinajibu karibu sawa: miaka kumi tangu sekondari, mwaka zaidi au mwaka pungufu.

Na jibu hilo ni la kale. Katika karne ya 13, Mfalme Frederick II aliyetawala kusini mwa Italia, ambako kulikuwa na chuo mashuhuri cha tiba cha Salerno, alitoa sheria kuhusu wanaotaka kutibu watu. Mwanafunzi asome mantiki miaka 3. Kisha asome tiba miaka 5, upasuaji ukiwamo. Na hata akifaulu, asitibu mtu mpaka afanye kazi mwaka mzima chini ya tabibu mzoefu. Ni miaka tisa. Hapakuwa na darubini wala ganzi ya kisasa, na hakuna aliyejua kwamba kuna bakteria duniani. Leo hukohuko Italia, daktari wa familia anasoma miaka 6 na kuongeza mafunzo ya miaka 3. Ileile tisa.

Nimeifikiria sana sheria ya mfalme yule. Karibu kila alichosoma mwanafunzi wa Salerno leo tumekitupa. Kilichosalia ni ule mwaka wa mwisho, mwaka wa kukaa chini ya jicho la mtu mwingine.

Hapo niseme kidogo kuhusu majina ya shahada, maana najua yanawachanganya wazazi, na kuna watu wanaoitumia hali hiyo kuuza nafasi za masomo. MD ya Marekani inasomwa baada ya shahada nyingine. MD ya Tanzania ni shahada ya kwanza ya miaka 5, nayo ni daraja moja na MBChB ya Kenya au Uganda. MD ya India ni ya ubingwa, inasomwa miaka 3 baada ya MBBS, ambayo ndiyo shahada yao ya kwanza ya udaktari. Nchini Uingereza MD ni shahada ya utafiti. Na Ujerumani mtu anaweza kuwa daktari mwenye leseni kamili asiyeandika "Dr." mbele ya jina lake, kwa sababu cheo hicho kinataka tasnifu. Kwa hiyo mkiletewa karatasi yenye herufi hizo mbili, ulizeni inampa mwanafunzi leseni ya kufanya nini, na wapi.

Turudi kwenye hesabu, kwa kuwa kuna jambo moja limefichika ndani yake. Mwaka wa mahali pamoja si mwaka wa mahali pengine.

Ulaya wana kanuni kwamba mfanyakazi, daktari aliye mafunzoni akiwamo, asizidishe wastani wa saa 48 kwa wiki. Marekani dari ni saa 80. Na hata hiyo 80 ilipatikana kwa machozi. Mwezi Machi 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa mikononi mwa madaktari vijana waliokuwa kwenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari, na hakunyamaza. Jimbo la New York likaweka ukomo wa saa mwaka 1989, na mwaka 2003 ukaenea nchi nzima. Kabla ya hapo daktari mwanafunzi angeweza kufanya kazi saa 100 na zaidi kwa wiki, na watu wakaiita hali hiyo ushupavu.

Sasa chukueni kalamu. Mafunzo ya upasuaji wa jumla Marekani ni miaka 5. Uingereza, baada ya ile miwili ya msingi, ni takriban 8. Mtu husema Waingereza wanachelewa. Zidisheni miaka kwa dari ya saa za wiki. Tano mara 80 ni 400. Nane mara 48 ni 384. Mikono inayoshika kisu cha upasuaji inahitaji muda wake. Unaweza kuubana kwenye miaka mitano ukamchosha kijana na kumhatarisha mgonjwa, au kuutandaza kwenye minane ukamchelewesha kuanza maisha. Kuupunguza wenyewe ni kazi ngumu.

Sasa nifike kwenye nchi ambazo hazifiki kumi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na mtaniwia radhi nikikaa kidogo.

India, MBBS ni miaka minne na nusu ya masomo na mwaka mmoja wa mafunzo ya lazima hospitalini. Tanzania ni 5 na mwaka mmoja wa utarajali, ambao ni mafunzo kama hayo ya hospitalini. Uganda ni 5 na mmoja. Kenya ni 6 na mmoja, na mtarajali huko wanamwita daktari mwanagenzi. Nigeria ni 6 na mmoja. Baada ya hapo leseni kamili. Ndiyo kusema kijana wa miaka 24 au 25 anaweza kupangiwa hospitali ya wilaya na, asubuhi ya kwanza, akakuta yeye ndiye daktari. Atapokea mama mwenye uchungu uliokwama, mtoto mwenye degedege na majeruhi wa ajali, na wa kumpigia simu yuko mbali. Mwenzake wa Uingereza mwenye umri huohuo yuko mwaka wa kwanza au wa pili wa kuzungushwa wodi, na kila anachoandika kuna mkubwa wake anayekipitia.

Akili ni zilezile. Nimefundisha vijana wa nchi mbalimbali, na sijaona taifa lililojaliwa akili za udaktari kuliko jingine. Nadharia waliyosoma pia inafanana kwa sehemu kubwa: anatomia ni moja, moyo wa binadamu una vyumba vinne kila mahali. Tofauti iko kwenye idadi ya usiku ambao mtu mwenye uzoefu alisimama nyuma yao.

Niwasimulie usiku mmoja wa kwangu. Nilikuwa mwezi wa pili wa utarajali. Akaletwa mtoto mchanga mwenye degedege lisilokoma, mama yake analia, na mimi ndiye niliyeshika kalamu ya kuandika dawa. Nilikuwa nimefaulu famakolojia vizuri, na dozi niliijua kwa moyo. Nikapima uzito, nikapiga hesabu, nikaandika, nikamkabidhi muuguzi. Nyuma yangu alikuwa amesimama daktari bingwa wa watoto, mama wa makamo, aliyekuja wodini usiku ule ingawa hakuna aliyemwita. Akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwa muuguzi, akaitazama, akanirudishia. Akasema maneno mawili: "Hesabu tena."

Nilikuwa nimeiweka nukta ya desimali mahali pasipo pake. Ile dozi ilikuwa mara kumi ya iliyotakiwa.

Hakunigombeza. Alisubiri nikahesabu tena, akaitazama, akaitikia kwa kichwa, muuguzi akachoma sindano, degedege likatulia. Mtoto yule, kama Mungu amemjalia, ni mtu mzima leo. Tangu usiku ule sijaandika dozi ya mtoto bila kuihesabu mara mbili. Hakuna mhadhara ulionipa tabia hiyo, na nadhani hakuna mhadhara unaoweza kuitoa.

Nina rafiki tuliyemaliza naye, aliyekuwa mtarajali katika hospitali nyingine siku zilezile. Kwao bingwa alipatikana kwa simu, akipatikana. Rafiki yangu naye alikosea hesabu usiku mmoja, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Aliacha udaktari mwaka uliofuata. Alikuwa hodari kuliko mimi darasani, na nalisema hili mkiwa mnanisikia kwa sababu lingeweza kuwa kinyume: yeye asimame hapa, na mimi niwe yule asiyetaka kupita karibu na wodi ya watoto.

Ndiyo maana nikisikia nchi inabishana kama chuo kiwe miaka mitano au sita, najikuta nataka kuuliza: na usiku ule wa mwezi wa pili wa utarajali, nani yuko wodini?

Kuna nchi zilizoliuliza. Afrika Kusini wana miaka 6 ya chuo, kisha utarajali wa miaka 2, kisha mwaka 1 wa kuhudumia umma, na ndipo daktari anakuwa huru. Misri walikuwa na 6 na mmoja. Wakabadilisha iwe 5 na miwili. Tazameni walivyofanya Misri: jumla ni saba ileile. Wameuchukua mwaka darasani wakaupeleka wodini. Napenda uamuzi ule kuliko mageuzi mengi ninayoyasikia.

Lakini kumwongezea kijana mwaka wodini kunataka wodi iwe tayari kumpokea. Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa wanagenzi: kuchelewa kupangiwa hospitali, na malipo yao. Mwaka huohuo Korea Kusini, serikali ilitangaza kuongeza nafasi 2,000 kwa mwaka za kusomea udaktari, na maelfu ya madaktari walio mafunzoni wakatoka hospitalini kupinga. Hospitali kubwa zikalazimika kuahirisha upasuaji. Madai ya pande hizi mbili hayafanani, na siyaweki kwenye mizani moja. Ninachowaonyesha ni kwamba katika nchi zote mbili watu wanaoitwa "wanaojifunza" walipoondoka, hospitali ziliyumba. Na yule aliyehitimu akakaa nyumbani akisubiri kupangiwa, miezi ile haiandikwi kwenye ratiba ya chuo chochote, ila ni sehemu ya miaka yake. Mikono husahau. Mzazi anayepiga hesabu ya ada apige na hesabu ya kusubiri.

Najua kuna mtu anajiuliza: je, nchi yenye wagonjwa wengi na madaktari wachache ifanyeje, isubiri miaka kumi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2030 dunia itapungukiwa wahudumu wa afya milioni 10 na zaidi, na pengo kubwa litakuwa katika nchi maskini. Swali hilo ni la haki.

Jibu moja lilitoka Msumbiji. Mwaka 1984, nchi ikiwa vitani na madaktari wake wakihesabika, walianza kuwafundisha watu ambao si madaktari, wenye uzoefu wa kazi za afya, kufanya upasuaji wa dharura. Mafunzo yalikuwa ya miaka 3, na mwaka mmoja katika hiyo ulikuwa wa vitendo mfululizo chini ya usimamizi. Waliitwa mafundi wa upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika hospitali za wilaya, takriban asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi ulifanywa na watu hawa. Miaka saba baada ya kupangiwa wilayani, karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado wapo, wakati madaktari waliopangiwa huko walikuwa wameondoka wote.

Tanzania, Kenya na Malawi nao wana maafisa tabibu, ambao Wakenya huwaita pia maafisa wa kliniki, wanaosoma stashahada ya miaka 3. Watu wengi vijijini hawajawahi kutibiwa na mtu mwingine. Kijana aliyekuja hapa akiwaza ile kumi akaona hailingani na maisha yake, au na uwezo wa nyumbani kwao, asitoke akidhani ameshindwa kuingia kwenye kazi ya kutibu. Fundi wa upasuaji wa Msumbiji anajua mambo machache kuliko daktari bingwa, lakini yale anayoyajua ameyafanya mara nyingi mno mbele ya mwalimu. Muda wake mfupi ulitengwa kwa kazi maalumu. Hatari inakuja pale tunapomfundisha mtu kwa miaka mitatu kisha tukamtwisha mzigo wa miaka kumi.

Na je, ile kumi yenyewe haiwezi kufupishwa? Inaweza, kwa kiasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vyuo vya Marekani vilifuta likizo vikafundisha masomo ya miaka 4 ndani ya mitatu. Kanada hadi leo vyuo vikuu vya McMaster na Calgary hufundisha udaktari miaka 3, kwa kusoma karibu mwaka mzima bila likizo ndefu, na wahitimu wao wanafanya kazi bega kwa bega na wengine. Mwaka 2020, korona ilipoielemea Italia, serikali iliondoa mtihani wa leseni uliokuwa unafuata baada ya shahada, na madaktari wapya wakaingia kazini mara moja.

Tangu 2017 mafunzo ya ubingwa ya Kanada yanahamishwa, fani baada ya fani, kwenye utaratibu mwingine. Badala ya kuhesabu miaka peke yake, wanaorodhesha kazi ambazo bingwa lazima azimudu, na kila kazi inatiwa saini na mkubwa aliyekuona ukiifanya vizuri, tena na tena, mpaka anaamini unaweza kuachiwa. Wazo hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini angalieni linachodai: mtu wa kukuona. Mtu mwenye nafasi ya kusimama, kutazama na kutia saini kwa dhati. Pale ambapo bingwa mmoja ana watarajali ishirini na wodi mbili, saini zitatiwa zote siku moja mwishoni mwa mwezi, na hapo heri ile miaka ya zamani, angalau mtu alikaa muda mrefu karibu na wagonjwa.

Binti yangu wa pale mbele, nimekuweka muda mrefu. Ukianza mwakani ukiwa na miaka 19, kwa shahada utakuwa na miaka 24 au 25 katika nchi nyingi, na 27 kama utapitia njia ya Marekani. Kwa ubingwa, ongeza mitatu hadi saba. Huo ndio umri uliouuliza. Ila kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, mahali popote, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo hicho, siyo ofisi ya udahili. Muulize usiku wa zamu daktari bingwa anakuwa ndani ya jengo au nyumbani na simu. Muulize ametoa watoto wangapi kwa mikono yake mwenyewe, na nani alikuwa amesimama kando. Muulize waliomtangulia walisubiri miezi mingapi kupata nafasi ya utarajali. Akikujibu bila kusitasita, umepata chuo. Akiangalia chini, mshukuru, uende kwa mwingine.

Naona mikono imeanza kuinuka, na muda wa maswali tulioahidiwa ni nusu saa. Tuanze na mzazi aliye karibu na dirisha.